Ni Mzito, Mzee Asijue

Jumatatu, 3 Juni

Leo ameingia mtu na mkebe. Mkebe mkubwa kama ndoo ya rangi, una picha ya mkono uliovimba kama umeumwa na nyigu. Ndani yake unga. Unga wa nini? Hakuna anayejua. Mwenye mkebe anaitwa Mwalimu Vyuma. Nyundo mwenyewe, bondia wangu, ndiye aliyemleta hapa ukumbini, bila kuniuliza. Mimi! Niliyemfunga bandeji za mikono mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa ana arobaini na mmoja, na pambano la uzito wa juu Jumamosi ya tarehe 15, dhidi ya kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mikono mirefu kama kamba za kuanikia nguo.

Nadharia ya Vyuma: mtu akizeeka kasi humkimbia, hairudi. Basi ajaze misuli, awe ukuta, kijana ajichokeshe kwa kuupiga. Nadharia yangu: ngumi nzito isiyofika ni salamu tu. Nyundo apunguze kilo sita, aruke kamba, awe mwepesi. Lugha yenyewe iko upande wangu. Mwepesi wa mwili na mwepesi wa mkono ni neno moja. Wahenga hawakuwa wajinga.

Vyuma alicheka. Akasema, "Shikamoo Mzee, haraka haraka haina baraka." Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Shikamoo yake ilikuja katikati ya mazungumzo, si mwanzoni. Nimeliandika hilo.

Kibaya zaidi. Kanuni za pambano hili zinasema kati ya raundi na raundi msaidizi mmoja tu apande ulingoni. Mwingine abaki chini na ndoo. Nyundo anasema ataamua Alhamisi ya wiki ijayo nani apande. Ataamua! Miaka kumi na tisa hajakalia kitu kingine katika kona ila kigoda changu. Watu hawaniiti hata kwa jina. Mzee Kigoda, basi.

Kina miguu mitatu, mmoja una alama ya kuungua. Cha marehemu baba. Siku tulipoondoka kwetu, miaka thelathini na minane iliyopita, wenzangu walibeba magodoro na masufuria. Mimi nilibeba kigoda. Walinicheka njia nzima, mpaka walipochoka na kuanza kuomba zamu ya kukikalia. Tangu hapo nimeishi nyumba tisa, zote za watu. Mahali pangu duniani ni pale kigoda kinapotua: kona nyekundu, dakika moja kila raundi. Simwachii mtu wa mkebe.

Jumanne, 4 Juni

Nimesikia kwa sikio langu! Chumba changu kiko nyuma ya ukumbi, ukuta wa mbao, na sikio la kushoto bado zima. Nyundo alikuwa akimnong'oneza Vyuma. Maneno nimeyaandika papo hapo kiganjani: "Ni mzito, ndugu yangu. Mwezi wa nne sasa. Mzee asijue kwanza. Akijua huyo, mji mzima utajua kabla ya adhuhuri." Vyuma akasema hongera.

Hongera!

Mwezi wa nne! Yaani Vyuma kaletwa jana, lakini Nyundo ananenepeshwa tangu miezi minne nyuma. Walikuwa wakikutana wapi? Na mimi nilikuwa nikimrusha kamba kila alfajiri na kuhesabu kwa sauti, kama mjinga anayefagia uwanja huku mwenzake anamwaga majani nyuma yake.

Sikukurupuka. Mimi ni mtu wa vitabu. Nikafungua kamusi. *-zito: -enye uzani mkubwa.* Hiyo ni maana ya kwanza. Zilikuwapo nyingine chini yake, sikuwa na haja nazo. Lisemwalo lipo.

Jumatano, 5 Juni

Upelelezi. Mke wa Nyundo ni fundi cherehani. Bukta zote za mumewe za ulingoni huzishona yeye. Kama mwili umeongezeka, bukta itasema. Nikaenda kwake na koti langu, kisingizio kifungo. Mlangoni nikakumbuka koti lina vifungo vyote. Nikakinyofoa cha mfuko pale pale, na kipande cha kitambaa kikatoka nacho.

Alinipokea vizuri mno. Marahaba yangu haijaisha kinywani, tayari kaniwekea kiti. Juu ya meza ya cherehani, karatasi: *Kiuno 92. 94. 97. Panua tena.* Nilipoinamia niisome vizuri akaifunika na kitambaa. Akaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikasema kifungo. Akasema kifungo ninacho mkononi. Kweli, nilikuwa nacho.

Bado sijatoka, Nyundo akaingia. Trei ya mayai. Maziwa lita mbili. Maini. Na ndimu kumi na mbili! Nikamuuliza ndimu za nini. Wakatazamana. Akasema za chai. Mtu mmoja, chai ya ndimu kumi na mbili? Nadhani ndimu ni za kukata mafuta, ili wafiche ushahidi usoni huku mwili ukijaa chini ya fulana.

Nimekwenda nyumbani na shimo kwenye koti. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nyumba ya fundi, msemo huo umekaa mahali pake.

Ijumaa, 7 Juni

Riziki imekuja kwa mguu wake. Vyuma ameniomba, kwa adabu ya kutia shaka, nipake upya namba kwenye sahani za chuma za kunyanyulia. Ati mwandiko wangu ni mzuri. Mwandiko wangu ni mzuri kweli, lakini yeye kajuaje?

Sahani zetu zilifuliwa na mhunzi mmoja asiyeamini vipimo. Nyembamba nzito, nene nyepesi. Ila kwa namba, hakuna anayejua ipi ni ipi. Nikachukua brashi na rangi nyeupe. Ya kilo kumi na tano nikaiandika ishirini. Ya kumi nikaiandika kumi na tano. Zile za ishirini halisi nimezisukuma uvunguni mwa kitanda changu, na mgongo unalia.

Hesabu yangu: Nyundo atadhani ananyanyua mlima, kumbe kichuguu. Misuli haitaongezeka. Kasi itabaki. Vyuma ataaibika mbele ya watu. Nimelala mchana nusu saa kwa furaha.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa.

Nyundo kanyanyua "kilo mia moja na arobaini" mara kumi na mbili bila kutoa jasho. Ukumbi mzima ulisimama. Fundi viatu wa jirani aliingia na kiatu cha mteja mkononi. Vyuma alilia. Alilia kabisa, machozi, akaukumbatia mkebe na kusema, "Mnaona? Mnaona unga?" Sasa hata fundi viatu anataka mkebe.

Nami nitasema nini? Kwamba si unga, ni brashi? Nimemjengea adui mnara kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nyundo amefurahi kama sijawahi kumwona mwaka huu. Anasema bega la kulia haliumi tena. Ni kweli haliumi, halijabeba kitu! Alipolivaa gunia la kupigia, ngumi zilitoka mbilimbili, sauti kama mvua kwenye bati. Vyuma akanipiga bega taratibu na kuniambia, "Nguvu huzaa kasi, Mzee wangu." Nikamwambia na kuku huzaa ng'ombe. Watu wakacheka upande wangu, lakini kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kuamua. Nyundo akatangaza mtihani, tena akachagua wangu. Mtihani wa kiberiti. Nanyoosha mkono usawa wa bega, nashika kasha la kiberiti, naliachia bila kusema. Bondia alidake kabla halijapita goti. Niliubuni mwenyewe, siku ambazo hatukuwa na kifaa kingine ila jiko la mkaa na kiberiti chake.

Masharti yake: akidaka mara saba kati ya kumi, basi vyuma havijamharibu kasi, na Vyuma atapanda ulingoni. Akishindwa, napanda mimi.

Oneni mtego! Ilibidi niombe mwanafunzi wangu ashindwe mtihani wangu. Nikamtaka Mungu radhi kabla, kisha nikalipaka kasha mafuta ya mgando, pande zote sita.

Akadaka tisa. La kumi likamponyoka na kumwangukia Vyuma mguuni. Nyundo akatazama kiganja chake. Kinang'aa. Akanitazama mimi. Nilitazama dari. Kisha akajipangusa kiganja kwenye nyusi, pale tunapompaka siku ya pambano ngozi isichanike, akasema, "Mzee wetu siku zote yuko mbele. Keshaanza kunipaka mafuta." Ukumbi ukaangua kicheko. Sikucheka.

Kwa hiyo Vyuma atapanda, na kile kiti chake cha chuma cha kukunja. Mimi chini, na ndoo.

Lakini mikono ile imekuwa myepesi kwa sababu imebeba vyepesi. Kasi ile ni yangu! Nimeshinda, na hakuna binadamu ninayeweza kumwambia.

Ijumaa, 14 Juni

Saa tisa alasiri, ukumbini peke yangu na kiti cha Vyuma. Kina skrubu mbili kila upande. Nikatoa bisibisi. Ukilegeza moja tu, robo mzunguko, mtu akikaa kinammwaga. Nani atalaumiwa? Mwenye kiti.

Nikakaa mbele yake. Nikafikiria mgongo wa Nyundo. Una miaka arobaini na mmoja, mgongo ule. Niliwahi kuukanda wiki nzima, mwaka aliodondoka kwenye ngazi akimbebea mke wake cherehani. Siku ile aliniita baba, kwa bahati mbaya, akageuza kuwa Mzee.

Sikulegeza kitu. Nimeandika hapa ili ijulikane. Saa kumi na robo niliinuka, bisibisi nikaitia mfuko wa koti, nikaondoka msafi. Kesho nitakwenda na kigoda changu, nikikalie chini ya ulingo. Hakuna kanuni inayomkataza mzee kukaa.

Jumamosi, 15 Juni

Lazima niandike kwa mpangilio.

Raundi ya kwanza ya kijana. Ya pili yake tena. Ya tatu Nyundo alianza kuingia ndani ya ile mikono mirefu, mbili za haraka mbavuni, na uwanja ukapiga kelele. Kengele. Vyuma akapanda na kiti cha chuma. Nyundo akakaa.

Paaa!

Mguu wa kiti ulikunjika kama mwanzi. Nyundo chali, miguu juu, taya likiwa zima na heshima imevunjika. Wa upande wa kijana walicheka mpaka kocha wao akawakemea. Na Vyuma, badala ya kutazama kiti, akanitazama mimi. "Mzee, umefanya nini?"

Mimi! Mara ya kwanza katika maisha yangu sijafanya kitu! Nikainuka kwa hasira nijitetee, na bisibisi ikaruka kutoka mfukoni, ikapitia lile shimo la kifungo, ikaanguka juu ya zege. Kling. Watu safu tatu za mbele waligeuka.

Refa akapaza sauti kwamba zimebaki sekunde arobaini na bondia hawezi kukaa hewani. Nyundo, bado chini, akasema neno moja: "Kigoda."

Nilipanda. Sijui magoti yalitoka wapi. Vyuma akashuka, kanuni ni kanuni. Kigoda kikatua kona nyekundu, miguu mitatu, hakikuyumba. Nyundo akakaa. Nikamkanda shingo, nikamwagia maji, nikamwambia kijana anashusha mkono wa kushoto kila akivuta pumzi.

Hakuwa ananisikiliza. Akaninong'oneza, "Mzee, kuna jambo nilikuficha. Ni mzito. Wa nne unaisha."

Hatimaye! Nikamwambia najua. Najua tangu Jumanne ile.

Akashtuka. Akauliza mbona sikusema. Nikamwambia nilikuwa namsubiri aungame mwenyewe, kwamba siri ya namna hiyo haifichiki, inaonekana hata kiunoni. Macho yakamjaa maji. Akasema waliogopa kutangaza, maana mara mbili zilizopita hazikufika mwezi wa tano. Nikashangaa kidogo; sikujua alishajaribu kunenepa mara mbili. Nikamwambia asijilaumu, kosa ni la unga.

"Basi akiwa wa kiume," akasema, "atakuwa somo yako. Mama yake ameshakubali."

Nikamuuliza nani akiwa wa kiume.

Kengele.

Yeye akaenda kupigana. Mimi nikashuka na kigoda kichwani, sijui nilikiwekaje huko. Raundi ya nne sikuiona. Nilikuwa nahesabu: 92, 94, 97. Maziwa. Maini. Ndimu kumi na mbili. Hongera.

Jumapili, 16 Juni

Sare. Majaji watatu: mmoja kampa Nyundo, mmoja kampa kijana, wa tatu hakutaka ugomvi na mtu. Vyuma anasema misuli ilimbeba mpaka raundi ya nane. Mimi nasema alidumu kwa kasi. Nyundo anasema alidumu kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kisha akavua glavu, akazitundika msumarini juu ya meza ya cherehani, na kusema basi. Hapigani tena. Mkewe alikata uzi kwa meno na kuendelea kushona.

Nilimwomba radhi kwa kuisoma karatasi yake. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia ndiyo hivyo, lisemwalo lipo. "Na kama halipo, Baba, laja," akanimalizia, mkono juu ya tumbo. Kisha akanidai koti, alishone.

Nimefungua kamusi upya. *-zito*, maana ya nne. Ilikuwa pale pale, vidole viwili chini ya ya kwanza.

Kiti cha chuma kimekaguliwa na fundi wa kuchomea. Skrubu zote zimekaza. Kilichokatika ni chuma chenyewe, kilikuwa na ufa. Hakuna aliyeniomba msamaha kwa sauti. Ila Vyuma alikuja chumbani kwangu jioni. Shikamoo ikatangulia safari hii. Aliinama, akachungulia uvunguni mwa kitanda, akaziona sahani za ishirini, akaniomba nizirudishie sahani zote namba zake nikipata nafasi. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Jumamosi ile ya kwanza: alipima moja kwenye mizani ya muuza nafaka. Lakini aliona bega la Nyundo limetulia na mkono unaruka, akanyamaza. Na machozi ya Jumatatu? Akasema ukumbi ulihitaji moyo.

Wengine wangesema ni mtu mwema. Mimi nasema mtu anayeweza kunyamaza siku nane na kulia kwa makusudi anaweza lolote.

Kigoda kimehamia kwa Nyundo. Ameniambia ndicho mama atakachokalia akimwogesha mtoto, na mwenye kigoda atakuwa anakuja kukiangalia kila siku, chakula kikiwa mezani. Nyumba ya kumi. Nimeitikia kwa kichwa.

Jumatano, 19 Juni

Tumekwenda kliniki. Nyundo alikuwa na kazi, nikamsindikiza mkewe, binti yetu, mimi mwenyewe, na sababu nyingine ni kwamba mtu lazima ajue somo yake anahudumiwa na nani. Mkunga ni mama mnene, mcheshi mno kwa saa mbili asubuhi. Alimpandisha binti kwenye mizani. Mizani ya zamani, ya sindano. Sindano iliyumba, mkunga akaigonga kwa kidole. Kwa nini aligonga?

Kisha akaandika kwenye kadi. Binti alipoinama kufunga viatu nikasoma. Mstari wa kwanza, kwa wino wa bluu, wazi kabisa: *Aongeze uzito.*

Aongeze uzito! Maneno yale yale! Nani kamfundisha? Mtoto hajazaliwa, hajakunja hata ngumi, na tayari kuna watu wanamtaka awe mzito. Na nani nilimwona Jumatatu akipita barabara ya kliniki na mkebe kwapani? Mimi si mtoto mdogo.

Mama akijaa, mtoto naye atajaa. Mtoto akijaa, kasi kwisha. Lazima mtu amtetee mapema.

Chini yake kulikuwa na mstari wa pili. Sikuusoma, wa kwanza ulitosha.

Koti limeshonwa, mfuko hauna tundu. Bisibisi imo. Kesho saa mbili narudi kuikagua ile mizani.